Shingo ya Kiranja Mkuu

Chama chetu kilikuwa na sheria moja tu, iliyoheshimiwa kuliko sheria zote za shule: asiyeonekana akifa, hazikwi.

Naieleza. Sisi tulikuwa wapenzi wa filamu za damu, zile za zamani, za muuaji mwenye barakoa na chombo kimoja cha kazi. Kila Jumamosi mchana, baada ya usafi, tulifunika madirisha ya darasa la jiografia kwa mablanketi, tukawasha deki na televisheni yenye kisogo kikubwa, tukatazama watu wakifa. Filamu ikiisha, mimi nilipanda juu ya meza nikasoma tanzia: marehemu alikuwa nani, alikosea wapi, alikufa kwa shoka la aina gani, na ameacha mjane au kiatu kimoja. Ndiyo maana waliniita Mchungaji. Wenzangu walipiga miguu sakafuni kwa kila kifo kilichowaridhisha, na kile kilichopigiwa miguu zaidi kilizikwa kwa heshima zote, wimbo na ukimya ukiwemo. Lakini mhusika aliyeuawa nje ya picha, yule ambaye unasikia tu "aaah!" nyuma ya ukuta kisha unaona soksi, huyo hakusomewa chochote. Tulimsonya, basi. Kwetu sisi huyo hakufa. Alichelewa tu kurudi nyumbani.

Watu wazima huuliza tunapendea nini uchafu ule. Mwalimu wa dini aliuliza, matroni aliuliza, mama yangu aliuliza akiwa ameshika kiuno. Jibu langu nalitoa nikiwa nimesimama wima. Shule ya bweni ni mahali ambapo mtu huogopa tangu kengele ya kuamka mpaka taa zizimwe, na haruhusiwi kupiga kelele hata mara moja. Unaogopa hesabu, unaogopa zamu ya vyoo, unaogopa jina lako kutajwa mstarini. Katika zile filamu hofu ina adabu zake. Muuaji hakimbii, anatembea, na bado anafika. Anayekwenda bafuni peke yake huku anaimba anajulikana kwamba harudi. Na damu! Damu ya filamu za siku hizi ni nyeusi, ya huzuni, kama ya hospitalini. Damu ya zile za zamani ni nyekundu kama mlango uliopakwa rangi jana, inaruka mpaka darini, na ukikaza macho unaona mshono wa shingo ya bandia na gundi iliyovujia kwenye kola. Hapo kwenye gundi ndipo tulipopiga miguu kwa nguvu zaidi. Tulikuwa tunauona mkono wa mtu. Mahali fulani, mtu mzima na akili zake timamu alikaa akichonga shingo kwa mapenzi, ili sisi tuione ikikatika kwa kufumba na kufumbua.

Chama chetu kilikuwa na mtu wa namna hiyo. Alikuwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, kidato kimoja nyuma yangu, na kila mtu alimwita Fundi.

Kwa mwaka mzima Fundi alitengeneza barakoa kwa ajili ya filamu yetu wenyewe, filamu ambayo bado haikuwa na kamera, wala hadithi, wala ruhusa. Alizitengeneza kwa magazeti, gundi ya unga, sponji la godoro bovu, na utomvu wa mpira ambao sikupata kujua anautoa wapi. Akazifungia ndani ya sanduku la bati, kwenye stoo iliyo nyuma ya chumba cha kufulia. Hakumwonyesha mtu. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamkumbusha kwamba mimi ni kaka yake.

"Kaka, ndiyo," alisema. "Lakini sura ikionwa kabla ya siku yake inakuwa karatasi."

Kisha ikaja siku ya ukaguzi, na pamoja nayo Kiranja Mkuu.

Kiranja Mkuu wa shule yetu alikuwa kijana mrefu, mwenye viatu vilivyong'aa kiasi kwamba ungeweza kuvitumia kama kioo cha kuchania nywele, na sauti ya mtu anayejisomea taarifa ya habari ya maisha yake mwenyewe. Naibu mkuu wa shule alimwambia stoo isafishwe. Hakumwambia zaidi ya hapo. Yeye akalitoa sanduku, akalibeba mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, akapiga filimbi shule nzima ijipange. Akafungua kifuniko. Akachagua barakoa moja, ya bibi kizee mwenye macho ya huruma na meno ya papa, akaivaa, akacheza huku ameshika mgongo. Watu wakacheka. Halafu akaivua, akairusha motoni, na sanduku zima akalimimina juu yake.

"Karatasi tu," alisema, akikung'uta mikono.

Fundi alikuwa mstari wa mbele, mikono nyuma. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mkuu, sanduku naweza kulichukua?"

"Sanduku? Chukua."

Alilichukua, akalisafisha kwa mchanga, akaliweka chini ya kitanda chake likiwa tupu. Tangu siku hiyo hakushika gundi. Jumamosi alikuja darasa la jiografia akakaa nyuma, mikono mapajani kama mgeni msibani, na hata zile shingo nzuri hakuzipigia miguu.

"Unajua kinachoniuma?" aliniambia. "Si moto. Karatasi huungua, ndiyo kazi yake. Ila ukiacha ile ya bibi kizee, hakuna aliyeziona. Hata wewe. Ukiulizwa zilikuwaje, utasema nini?"

Nikaapa palepale, mkono juu ya kisu cha plastiki, kwamba mtu yule atalipa.

"Alipe kweli," Fundi akasema. "Si zile zako za kumtilia upupu kwenye shuka."

*

Bahati ikatuangukia kama embe bovu: hukuliomba, lakini limekuangukia. Mwalimu wa maigizo, ambaye alikuwa mgeni na bado alituamini, alitangaza kwamba siku ya kufunga shule kila chama kitaonyesha kazi yake mbele ya wazazi. Nilikwenda ofisini kwake nimechomekea shati.

"Mwalimu, sisi tumeona tutengeneze filamu fupi kuhusu usalama katika chumba cha kupiga pasi."

"Usalama!" alisema, machozi yakimlengalenga kwa furaha. "Vijana wa siku hizi nani anafikiria usalama?"

"Sisi, mwalimu. Usiku na mchana."

Kamera tuliazima kwa mjomba, mpiga picha za harusi, ambaye alikuwa amenunua nyingine na ile ya zamani, ya kanda, ilikuwa imelala kabatini. Alitupatia pamoja na kanda chache alizokuwa nazo. "Kanda moja mtatumia mara nyingi," alituambia. "Mkirekodi juu ya kitu, kile cha chini kimekwenda. Nilishampoteza bibi harusi mzima namna hiyo." Picha yake ilikuwa na chengachenga na rangi zake zilivuja pembeni. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ilikuwa kama filamu zetu.

Hadithi niliandika mimi. Muuaji aliitwa Mpiga Pasi: mtu aliyevaa foronya iliyotiwa wanga ikakauka kama ubao, yenye macho mawili ya kuunguzwa kwa ncha ya pasi, na mkononi mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa. Huua wanafunzi wenye nguo zenye mikunjo. Upuuzi mtupu, na sisi hatukutaka zaidi ya hapo.

Mwenzetu mmoja mnene alikuwa ameshakufa kwenye beseni mbele ya kamera, na tulikuwa bado tunahesabu maiti wetu, pale Kiranja Mkuu alipokuja mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa darasa la jiografia, akapapasa tai yake.

"Nasikia mnahitaji watu wa kufa."

Nikamtazama Fundi. Fundi akaendelea kukata sponji.

"Tunahitaji, Mkuu," nikasema. "Lakini wewe tena, na uchafu huu?"

"Ni kwa ajili ya shule." Akakohoa. "Sharti langu moja tu. Nisife kwenye beseni kama yule mnene wenu. Kiwe kifo kikubwa. Cha shingo, ikiwezekana. Na damu iruke. Iruke kwelikweli, si kuchuruzika."

Hapo nikakumbuka kanda tuliyowahi kunyang'anywa na Kiranja Mkuu, ambayo alipoirudisha ilikuwa imesimama palepale shoka linapoteremka. Mtu anayetufukuza ngomani alikuwa akiicheza ngoma hiyohiyo chumbani kwake amefunga mlango. Alikuwa mwenzetu! Shetani mkubwa, alikuwa mwenzetu tangu zamani, na bado alizichoma.

Sijui kama umewahi kumchukia mtu kwa sababu mnapenda kitu kimoja. Chuki ya namna hiyo ina mizizi.

"Shingo nitakutengenezea," Fundi alisema bila kuinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kutaja kutengeneza kitu tangu moto ule. Nikafurahi kama aliyepata mtoto. Na kichwani mwangu nikaona kisasi chote kimeiva: nitamkata shingo Kiranja Mkuu mbele ya mama yake mzazi, na shule nzima itashangilia.

Ili kupata umbo la shingo ilibidi tumpake plasta. Alilala juu ya meza ya kupigia pasi, kifua wazi, huku Fundi akimpaka kuanzia kidevuni mpaka mabegani kama mtu anayekandika ukuta.

"Usimeze mate, Mkuu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikumbuke kukuambia."

Alichelewa kukumbuka.

Shingo ile, jamani. Niruhusuni nivue kofia. Ilikuwa ya sponji na mpira, yenye koromeo linalopanda na kushuka, yenye kovu dogo chini ya sikio kama la mwenyewe, yenye vinyweleo alivyovipanda kimoja kimoja kwa kibanio. Ndani yake ulipita mpira mwembamba ulioshuka mgongoni, chini ya shati, mpaka kwenye pampu ya baiskeli iliyofichwa chini ya meza. Damu aliipika kwa sukari, rangi ya chakula, kakao kidogo na sabuni ya vyombo ili itoke kwenye nguo. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Ya Fundi ilikuwa nzito kuliko uji.

Muuaji nilikuwa mimi. Nilivaa foronya, nikashika mkasi. Fundi alilala chini ya meza na pampu yake, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu.

"Mkuu, inua kidevu," nilisema.

Akakiinua. Alikuwa mtiifu, masikini, macho yamemtoka kwa raha.

Tulikuwa na shingo moja tu, kwa hiyo nafasi ilikuwa moja. Nikapitisha mkasi. Shingo ikafunguka taratibu kama begi lenye zipu, halafu Fundi akasukuma pampu, na damu ikapanda. Ilipiga dari. Ilipiga feni, na feni ikaigawa kwa haki kwa kuta zote nne. Kiranja Mkuu alikufa kama mtu aliyefanya mazoezi tangu utotoni: mkono wake mmoja ulipapasa mezani ukakuta bakuli la wanga, ukalimwaga, na ule weupe ukakimbilia kwenye ule wekundu, na yeye akautazama mchanganyiko huo kwa mshangao mdogo, mpole, kisha akaanguka juu ya shati lililopigwa pasi vizuri. Hilo la wanga halikuwa kwenye maandishi yangu. Alilitoa mwenyewe.

Mama mfuaji aliingia kuchukua ndoo, akatazama juu.

"Na hiyo dari atapangusa nani?"

"Marehemu," alijibu Fundi kutoka chini ya meza.

Tuliitazama kwenye kijitundu cha kamera, mimi na Fundi, kwa zamu, tukisukumana. Katika maisha yangu ya uchungaji sijaona kifo kama kile. Gundi ilionekana kidogo chini ya sikio. Mungu anisamehe, nilitokwa na machozi.

"Na mimi nione!" Kiranja Mkuu aliomba, bado anadondoka.

"Kabla ya siku yake?" Fundi alimwuliza.

Akafikiri. Mpenzi wa kweli wa filamu hizi hujizuia. "Basi. Nitaiona na watu."

*

Ndipo mambo yakaharibika.

Habari za shingo zilisambaa bwenini kabla damu haijakauka. Kiranja Mkuu alizisambaza mwenyewe. Alikataa kufua kola. Alitembea nayo ikiwa nyekundu kama nishani. Kidato cha kwanza walimbebea vitabu. Mezani waliokuwa wakimkimbia sasa walimpisha aketi, wakimwomba asimulie tena habari ya feni. Hata wanachama wetu, wale walioshuhudia moto, nilimsikia mmoja akisema, "Mkuu amekufa kiume." Walishaanza kutunga wimbo wa mazishi yake.

Nilikaa kitandani nikaelewa tulichofanya. Katika dunia nzima, ni kwetu sisi tu, wapenzi wa damu, ambako kumkata mtu shingo ni kumpa zawadi. Muuaji husahauliwa, foronya ni foronya. Anayependwa ni anayekufa vizuri. Nilitaka kumlipiza kisasi adui, nikampa alichokuwa akikiota tangu siku alipotunyang'anya ile kanda. Nilikuwa nimemtukuza adui kwa mikono ya dada yangu mwenyewe.

Juu ya hayo akamwalika bibi yake. Alitangaza kwenye chakula: mama atakuja, na bibi atakuja, na bibi amepimwa miwani mipya mahsusi.

Nilikwenda kumtafuta Fundi nikiwa na mapendekezo mapya, mengi yakihusu upupu. Nilimkuta chumba cha kufulia. Kamera ilikuwa juu ya miguu yake mitatu, imeelekezwa kwenye mlango wa chumba cha pasi. Mlango ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na mtu. Kitaa chekundu cha kurekodi kilikuwa kinawaka.

"Unarekodi nini?"

"Mlango."

"Wa nini?"

"Wa chumba cha pasi. Huoni?"

"Naona. Kwenye kanda gani?"

Akanyoosha mguu mmoja wa kamera.

"Fundi. Kwenye kanda gani?"

"Ile ile."

Roho ilinitoka, ikazunguka chumba, ikarudi kwa kukosa pa kwenda. "Juu ya shingo? Unarekodi juu ya shingo?"

"Shingo imeshapita. Sasa hivi mkono wake unatafuta wanga."

"Na dari? Dari imekwenda?"

"Dari imekwenda. Feni nayo. Ila kuanguka kwake juu ya shati bado kupo." Akanionyesha kidole. "Kitufe hicho hapo. Ukitaka hiyo iliyobaki, bonyeza."

Nilinyoosha mkono. Nasema kweli, kidole kilifika.

"Mdogo wangu, ile ni kazi yako. Hujawahi kutengeneza kitu kama kile. Watu waione! Zile za kwanza hawakuziona, na hii nayo?"

"Shingo nitatengeneza nyingine," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayechambua mchele. "Mikono ninayo. Yeye ule wanga hataumwaga tena vile. Unajua kama mimi ninavyojua. Kile kilimtoka mara moja." Akanigeukia. "Wewe ndiye Mchungaji. Sema sheria. Asiyeonekana akifa?"

"Hazikwi," nikasema.

"Basi bonyeza, umzike."

Mlango ulikuwa mlango. Rangi ya kijivu, bawaba mbili, ufagio umeegemezwa kando. Nzi alitua karibu na kitasa, akajisugua mikono. Nikarudisha kidole changu mfukoni, na tukasimama wawili tukitazama mlango ule mpaka kuanguka kwake juu ya shati kulipokuwa, kwa hesabu ya Fundi, kumekwisha.

*

Siku ya kufunga, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mapazia yalishushwa mchana kweupe. Kiranja Mkuu aliketi mstari wa mbele, kola nyekundu shingoni, mama yake kulia na bibi yake kushoto. Mwalimu wa maigizo alipanda jukwaani akawaambia wazazi kwamba ajali nyingi za nyumbani zinaepukika.

Filamu ikaanza. Chengachenga, kinanda cha kanisa tulichokirekodi kwa kasi isiyo yake, na jina kwa herufi zinazodondoka. Yule mnene wetu akafa kwenye beseni, povu likageuka waridi, na ukumbi ukalipuka kwa miguu. Mwalimu wa maigizo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mpiga kengele akafa kwa kamba ya kuanikia. Miguu. Baba mmoja nyuma alisikika akisema, "Hee! Umeona mshono ule?" nikajua tumempata mwanachama.

Kisha akaingia Kiranja Mkuu kwenye picha, shati lake likiwa na mkunjo mmoja. Bibi akashangilia: "Huyo wangu! Huyo wangu!" Kijana akamshika bibi mkono. Nilikuwa nyuma ya deki, pembeni mwa jukwaa, nikamwona anavyoegemea mbele, midomo wazi. Kwenye skrini akaingia chumba cha pasi. Mpiga Pasi akamfuata, bila kukimbia. Mkasi ukapanda juu, ukameta.

Mlango.

Mlango wa kijivu umefungwa, ufagio kando. Ukumbi ukasubiri. Mlango ukaendelea. Ulidumu kwa urefu wote wa kile kifo, kwa sababu ulikuwa umelala juu yake, na kilikuwa kifo kirefu. Mazungumzo yetu Fundi alikuwa ameyafunika kwa sauti ya ua mtupu: ilisikika hewa tu, na mbali sana, mtu akipiga chafya. Nzi akatua. Akajisugua mikono. Akaruka.

Mpiga Pasi akaonekana kwenye korido nyingine, akifuta mkasi.

"Amekufa?" bibi aliuliza, na katika ukimya ule alisikika mpaka mlangoni.

"Nadhani, mama," alijibu mama yake Kiranja.

"Mbona sikuona? Ni hii miwani?"

"Hapana mama. Hata mimi."

Sonyo la kwanza lilitoka kwa kidato cha kwanza, kule nyuma, jembamba. La pili likalifuata. Halafu ukumbi mzima ukasonya, sonyo refu kama tairi linalotolewa upepo, na likaishia kwenye kicheko.

Filamu ilipokwisha, nilipanda juu ya meza kama ilivyo desturi, nikafungua mikono. Nilimsomea tanzia yule mnene, aliyeiacha dunia ikiwa safi kuliko alivyoikuta. Nikamsomea mpiga kengele. Nikawasomea wote. Nikasema, "Hao ndio wapendwa wetu," nikainamisha kichwa.

"Na Mkuu?" aliuliza kijana mmoja.

Hawakunihitaji. Chama kizima kikajibu kwa sauti moja: "Hakuonekana, hazikwi!" Na kidato cha kwanza, ambao hata hawakuwa wanachama, wakalidaka wakalirudia wakigonga viti. Yule aliyekuwa akimbebea vitabu alikuwa amesimama juu ya benchi.

Nataka kuwaambia kwamba nilimwonea huruma. Nimejaribu. Nilitazama masikio yake yakibadilika rangi, bibi yake akimpapasa goti na kumwambia, "Si kitu, mjukuu wangu, utakufa mwakani," na nilisikia utamu ukiteremka taratibu mpaka vidoleni mwa miguu.

Alitufuata kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa tulipokuwa tunafungua mitambo. Alisimama mlangoni. Tai alikuwa ameivua.

"Ipo wapi?"

"Nini, Mkuu?" Fundi aliuliza.

"Usinifanyie hivyo. Ile shingo. Mmeificha. Haya, mmenikomesha, nimekoma. Nionyesheni mimi peke yangu, niende."

"Haipo. Nimerekodi juu yake."

Alinitazama mimi, akitumaini ni mzaha wangu. Nikatikisa kichwa. Akaketi juu ya kiti kilichovunjika mgongo, na kwa mara ya kwanza viatu vyake havikung'aa.

"Yote? Na feni?"

"Na feni."

Fundi aliweka chini koleo.

"Ile ya bibi kizee uliivaa," alisema. "Mimi sikuwahi kuivaa. Niliitengeneza kwa kichwa kikubwa kuliko changu. Ilikuwaje kwa ndani?"

Kiranja Mkuu akapangusa uso. "Ilikuwa baridi," alisema. "Ilinusa gundi na... sijui, kama unga. Ilinishika vizuri mashavuni. Nilipotazama nje, watu walicheka, lakini kabla ya kucheka walirudi nyuma kidogo. Wote. Nilipenda pale waliporudi nyuma." Akameza mate. "Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana. Niliijua ni nzuri."

"Uliijua."

"Ndiyo."

Fundi alitingisha kichwa taratibu, kama fundi anayeletewa saa akaisikia inavyogonga. Sikuona hasira usoni mwake, wala sikuona kitu kingine.

"Nimekwambia ukweli," Kiranja Mkuu alisema. "Sasa na wewe niambie. Nyinyi wawili tu ndio mliona. Nilikufaje? Ule wanga, ulionekana? Nilipoanguka, nilianguka vizuri?"

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na tanzia nzima tayari, aya kwa aya, na koromeo linalopanda na kushuka, na weupe ukikimbilia kwenye wekundu. Haikuwahi kuandikwa tanzia tamu kama ile. Yeye aliona ninavyoumia, akanigeukia mimi.

"Mchungaji. Hata kidogo tu."

"Mimi sikumbuki," Fundi alisema, akainama kuchomoa waya. "Kaka, unakumbuka?"

"Sikumbuki," nikasema.

Kiranja Mkuu alisubiri. Nikaokota ncha nyingine ya waya, tukaendelea kuukunja.